Aliyeruka Kutoka Paa la Ghala

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ingawa roho imekaa upande kama meza ya miguu mitatu. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, goti limetulia, na shemeji nyonga haimsumbui sana kwa baridi hii. Wifi yako hajambo, anakusalimu, na amesema nikuandikie leo hii, la sivyo ataandika yeye, na ukimwachia yeye kalamu mimi sitapona.

Najua utashangaa kuona bahasha wakati simu ninayo. Dada, unanijua. Nikishika simu mdomo unanitangulia, naanza na moja namaliza na kumi, wewe unacheka, na jambo likishachekwa halisemeki tena. Kalamu inanichelewesha. Mimi niliishia darasa la sita, kila herufi naitolea jasho, na mtu anayetoa jasho kwa kila herufi hana nguvu iliyobaki ya kuongeza chumvi. Kwa hiyo kaa kwanza ndipo usome. Si msiba, watu wote wazima. Ila tangu Jumapili nimepigwa na butwaa ambalo halijanitoka. Juzi nimevalisha kochi la mteja kitambaa kikiwa ndani nje, nikapigilia misumari yote mpaka wa mwisho, na mteja ndiye aliyeniuliza kama huo ndio mtindo mpya.

Karakana yangu unaijua. Jumapili mchana sifanyi kazi, lakini mlango huwa wazi, maana wanakuja rafiki zangu wawili: Kinyozi wa mlango wa pili, na yule mama Mfamasia wa duka la dawa la kona. Kila mmoja anachagua kochi la mteja linalosubiri matengenezo, tunakaa, tunazungumza filamu. Wenzetu wana mpira, sisi tuna filamu. Kinyozi hupenda lile kochi lililotoka springi. Anasema kama mazungumzo ni ya filamu za zamani, bila kitu cha kumchoma atalala.

Yeye ni mtu wa filamu mpya. Hoja yake ni kwamba picha za siku hizi ni safi mpaka unahesabu vinyweleo vya mtu, mji mzima unaporomoka mbele yako na hakuna aliyechubuka, na hadithi haikupi nafasi ya kupiga miayo. Mfamasia ni wa zamani, tena wa kufa na kuzikana. Anasema filamu ya zamani ilikuwa na adabu ya kungoja. Mtu akiaga, kamera inamsindikiza kwa macho mpaka afike getini, nawe unapata muda wa kumwonea huruma. Siku hizi mtu anaaga, kufumba na kufumbua yuko nchi nyingine na koti jingine. Kinyozi akamjibu kwamba huyo wa zamani, mpaka afike getini, yeye ameshamaliza vichwa vitatu na ndevu moja. Mfamasia akamwambia ndiyo maana vichwa vyake vyote vina ngazi.

Mimi katika mabishano hayo nilikuwa hakimu, na sababu unaijua kuliko mtu yeyote. Si mimi niliyevaa koti la staa nikaruka kutoka paa la ghala badala yake, mwaka ule watu wa filamu walipokuja mtaani kwetu? Basi hakimu gani mwingine wanamtaka. Nilikuwa nawaambia, zamani mtu akianguka, ardhi ilipata habari. Siku hizi inaanguka kompyuta, mwenyewe amekaa pembeni anakunywa soda kwa mrija. Na nikishafika hapo nawapa ghala lenyewe. Lile ghala lilikuwa la ghorofa mbili, lakini limekuwa likikua kama mtoto anayelishwa vizuri. Siku ya harusi yako lilikuwa la ghorofa tatu, kifungua mimba wako alipozaliwa nne, na binti yako wa pili anasema yeye alipomaliza shule lilishafika saba, na chini nilikuwa nimefuga mbwa wakali.

Kinyozi alikuwa na neno moja la kunichoma. Alisema staa ambaye filamu yake haijaonwa na mtu ni kama kinyozi asiye na wembe. Na kweli, filamu ile ilionyeshwa wiki chache katika miji ya mbali, mtaani kwetu haikufika, kisha tukasikia imelowa maji stoo na kuoza. Watu wa mtaa walisikitika. Mimi, Mungu anisamehe, nilisikitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa Jumapili hii, tukiwa kwenye makochi yetu, binti yako huyo huyo akaingia na kompyuta kwapani, anatabasamu kama mtu aliyeficha keki mgongoni. Unajua kazi yake, kule wanakotunza filamu za zamani, yeye ndiye anayeandika orodha ya vilivyomo. Akatueleza kwamba filamu yangu imepatikana. Haikuoza. Ilikuwa imelala miaka yote ndani ya makopo yaliyoandikwa jina la filamu nyingine. Wenzake wameisafisha miezi sita, picha moja moja, na mwezi ujao itaonyeshwa ukumbini. Ila orodha ya zamani, mahali pa aliyeruka, imeandika tu kijana wa mtaani. Akatoa fomu. Akasema ameshawaambia wakubwa zake kwamba kijana huyo ni mjomba wake, nijaze jina langu kamili, niwape na picha, itundikwe mlangoni pa ukumbi. Yeye mwenyewe alikataa kuitazama kabla, kwa sababu alitaka tuione pamoja.

Moyo ulidunda, dada, sitakudanganya, lakini haukudunda sana. Mkubwa wa wapiga picha aliwahi kuniambia kwa kinywa chake kwamba kamera itakuwa nyuma ya mrukaji, uso hautaonekana hata chembe. Kwa nini jambo hilo lilinipa raha utaona mbele. Nikajisemea, acha waone mgongo, migongo yote ni ndugu. Nikachukua hata kalamu kutoka kwa Mfamasia, nikaiweka sikioni tayari kwa ile fomu.

Tuliegemeza kompyuta kwenye robota la sponji, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mwanzoni Kinyozi alikuwa na maneno. Mara rangi zimefifia kama shati la fundi rangi, mara hawa watu mbona wanatembea kana kwamba hawana wanakokwenda. Baada ya robo saa akanyamaza. Baada ya nusu saa alihama springi yake, akaja kukaa chini kwenye vumbi la mbao ili aone karibu, na Mfamasia akanikonyeza.

Paa likafika. Mwizi anakimbia juu ya mabati, koti linapepea, mfuko kwapani, na sisi tuko nyuma yake. Akafika ukingoni. Hakusita. Akaruka, na ni mgongo tu, kama nilivyoahidiwa. Kinyozi akageuka, akanipa mkono mbele ya wote, akasema miaka yote alidhani mimi ni mwongo na leo anayameza maneno yake. Nami nikaupokea mkono huo, dada. Nikaupokea na kuutikisa.

Filamu ya siku hizi ingekatia hapo. Ile haikukata.

Kamera ilisogea ukingoni ikatazama chini. Mtu amelala ubavu, nusu juu ya magunia, nusu kwenye sakafu. Halafu kamera ya pili, iliyokuwa chini, ikamkaribia polepole, kwa ile adabu ya kungoja anayoisifu Mfamasia, na yule mtu akageuza uso kwa maumivu. Alikuwa ni mume wako. Shemeji yangu, ana miaka ishirini na mbili, nywele tele kichwani, ameuma meno. Na kabla sijapumua akaingia kijana mwingine kutoka pembeni, amevaa fulana, mikono kichwani, akapiga magoti na kulia. Kilio cha kamasi, dada, mdomo wazi, anamtingisha mwenzake aamke. Kijana huyo ni mimi. Hawakuzima kamera. Walinitazama muda wa kutosha kupigilia misumari minne.

Binti yako alisimamisha picha. Akairudisha nyuma, akaitazama tena, akaisimamisha palepale. Hakupaza sauti. Aliniuliza baba yake anatafuta nini ndani ya koti la staa. Akauliza mara ya pili, akaniita mjomba, na hilo neno mjomba lilitoka kama kitu alichokiokota chini na hajui ni cha nani. Mfamasia alisema, macho yakiwa kwenye kioo na si kwangu, kwamba ametazama filamu miaka arobaini, za zamani na mpya, na hajaona aliyelia vile, kwa sababu huyu haigizi. Kinyozi ndiye niliyemtegemea anichane vipande. Alijipangusa vumbi, akasema anakwenda kufungua duka. Dada, Jumapili hafungui duka.

Sasa sikiliza, na usiitupe barua kabla hujafika chini.

Watu wa filamu walinichagua mimi kwa sababu nilijigamba getini kwao kwamba hakuna kitu nisichoweza kukiruka. Nikapanda, nikavaa koti, nikatazama chini, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nilikaa nimekumbatia bomba la maji ya mvua. Wakati ule shemeji alikuwa rafiki yangu tu, alikuwa akiwabebea nyaya. Akapanda kuniletea maji. Hakuniuliza kitu. Alinivua koti kama mama anavyomvua mtoto, akalivaa, akaniambia nishuke kwa ngazi polepole. Nilikuwa nalia kabla hajaruka.

Hakuna baiskeli iliyomwangusha shemeji ikamvunja nyonga. Hakuna mteremko, hakuna breki zilizokatika. Baiskeli ile niliitunga mimi, kando ya kitanda chake, daktari akiwa ametoka kidogo. Jana yake nilikuwa nimeshamwambia baba kwamba kesho naruka mimi. Baba, ambaye tangu niache shule alikuwa akiniambia pisha na funga mlango basi, alinipa mkono na akaenda kuwatangazia wenzake kazini. Sikuweza kumrudishia mkono wake. Shemeji alinitazama sana, kisha akasema basi na iwe baiskeli. Alikuwa ameshakutupia jicho wewe, na hakutaka kuingia nyumba yetu kwa kumuaibisha mtoto wa nyumba hiyo.

Na alipoleta posa baba akakataa. Alisema mtu anayeshindwa na baiskeli hawezi kuongoza nyumba. Miaka minne, dada. Miaka minne ulingoja, na mimi siku ile nilikuwa chumbani humo humo, kwenye kiti cha karibu na mlango. Mimi ninayeombwa na watu ninyamaze, siku hiyo sikuwa na hata neno moja. Ulipokwenda kulia jikoni nilikuletea maji ya kunawa uso nikakuambia mzee atalainika. Alilainika, lakini amekufa akiamini kwamba mwanamume wa ukoo ni mimi na kwamba wewe uliolewa na mtu legelege. Nawe mwenyewe umemtania mumeo kwa baiskeli hiyo mbele ya watoto, nami nimecheka pamoja nanyi, tena nimecheka kwa nguvu.

Jingine hulijui kabisa. Kila upepo ukiinua mabati yako unaniita mimi, kwa sababu unasema mumeo na mambo ya juu hawapatani. Mimi napanda, yeye na nyonga yake anashika ngazi. Hujawahi kusikia anachoniambia kutoka chini, maana hukisema kwa sauti ya kunifikia mimi tu. Ananiambia nisitazame chini. Sasa mguu wa kushoto. Sasa wa kulia. Umefika. Miaka yote hiyo hajawahi kukosea akakisema kwa sauti ya kufika jikoni kwako.

Binti yako anakuja huko Jumamosi na kompyuta yake. Anataka uone kwa macho yako, na ana haki. Nilimwomba siku chache ili barua itangulie, usije ukashtukia mbele ya kioo kama nilivyoshtukia mimi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba fomu niijaze mbele yake kabla hajaondoka. Nimeijaza. Mahali pa jina nimeandika la mumeo, yote matatu. Mahali pa kazi katika filamu nimeandika: aliruka. Chini yake palikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Binti yako aliiwekea kidole akaningojea. Nikaandika langu, na mahali pa kazi nikaandika: alilia.

Sikuombi msamaha kwa karatasi, nitakuja mwenyewe uniambie unayotaka kuniambia, na nitakaa kimya mpaka umalize, jambo ambalo hata wifi yako anataka kuja kulishuhudia. Ninaloomba ni moja tu. Shemeji usimhoji. Miaka yote hajasema kwa sababu alinipa neno lake, na mtu kama huyo ukimuuliza atakuambia tena ni baiskeli. Msomee barua hii, au mpe aisome mwenyewe.

Wasalimie watoto wote, mkubwa kwa mdogo, na majirani wanaoniulizia. Goti lako ulipake dawa ile aliyokupa Mfamasia, na usiinue ndoo. Shemeji mfikishie salamu zangu za peke yake, umwambie neno alilonipa nimemrudishia, sasa ni lake, alitumie apendavyo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi makochi.