Mkono wa Mwisho wa Vanishi

Jumatatu, 24 Februari 1913
Mlango wa kushoto umekwisha kukwaruzwa. Bado wa kulia na boneti. Mpumbavu gani alipaka motokaa rangi ya milango ya nyumba? Nyeupe, mikono miwili ya rangi, juu ya kazi ya kiwanda. Inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemka.

Mwenyewe kaja bandani. Bwana Miwani tunamwita, wa shamba la mkonge kule Ngerengere. Motokaa ilimtumbukia mtoni, akaipaka hiyo nyeupe kuficha michubuko. Sasa mgeni wake mkubwa anashuka stesheni Jumamosi ya tarehe 29 Machi. Anataka aikute jinsi ilivyotoka kiwandani. Si kukaribia. Jinsi ilivyotoka. Ikipungua, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Alisema hivyo huku anafuta miwani, kama mtu anayeagiza chai.

Nina miaka arobaini na minne. Mgongo huu umebeba mizigo hadi Bagamoyo safari kumi na moja. Kiboko haujawahi kukibeba.

Jumatano, 26 Februari
Nimefungua taa ya mbele. Nyuma ya bamba lake jua halijawahi kufika. Nimekwaruza kidirisha cha upana wa kidole gumba, tabaka kwa tabaka, nikahesabu kwa ncha ya sindano. Kijivu nne, kijani tatu, vanishi tatu. Mikono kumi, mbali na mstari wa manjano. Kijivu cha chini ni kizima karibu kote, hiyo ni nafuu. Kijani chenyewe kimeiva, kama jani la mkahawa.

Bwana Miwani anasema hapana, ilikuwa kijani cha majani machanga. Anachokumbuka ni rangi iliyokwisha kuchomwa na jua. "Mimi nilinunua, fundi. Wewe hapana." Nikamwonyesha kidirisha. Akainama, akatazama kwa muda, akaondoka amenuna. Nimelichukua kuwa ni ndiyo.

Jumatatu, 10 Machi
Kijani mikono mitatu, tayari. Leo mstari, kwa burashi ya manyoya marefu, pumzi nimeibana. Upana wa punje ya ulezi, mlango hadi mlango. Madirisha yamefungwa, sakafu nimeimwagia maji vumbi lisipae.

Mke wangu kaleta chakula, hakuvuka kizingiti. "Baba Zuhura, huyo mwali wako unamtoa lini? Mie mwenyewe sikufungiwa ndani hivi." Nimecheka. Cheko la kwanza tangu kazi hii ianze.

Songoro, nyapara wa shamba, kaletwa kunilinda. Nisiibe nini? Burashi yangu mwenyewe? Anakaa juu ya pipa kutwa, ananiita Fundi Polepole.

Jumatatu, 17 Machi
Vanishi mkono wa pili. Wa kwanza nilipaka Jumatano, ukala siku tano. Huu naupa siku nne. Ijumaa nisugue, nipake wa tatu, zibaki siku nane. Zinatosha hata masika yakianza.

Amri ya Bwana Miwani: vanishi ya kopo la Ulaya, si nyingine. Ninayo chupa yangu, niliipika mwaka juzi kwa sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, na mafuta ya kitani, imetulia, safi kama asali. Alipoiona: "Dawa ya kishenzi. Weka mbali." Sandarusi! Miaka sita Bagamoyo nimeiosha na kuipanga kwa madaraja, gunia kwa gunia, yote ikapakiwa kwenda kwao kupikwa vanishi. Anadhani inaota ndani ya makopo.

Ijumaa, 21 Machi
Nakandamiza kalamu mpaka wino unaruka.

Asubuhi nilisugua motokaa nzima kwa unga wa jiwe na maji mpaka ikafubaa. Ndivyo inavyotakiwa, mkono mpya haushiki juu ya kinachong'aa. Nikaosha, nikaenda msikitini. Nimerudi, nikaanza boneti. Vanishi ikakimbia. Ikajikusanya vitone vitone, kama maji juu ya jani la gimbi. Nikapitisha burashi tena. Ikakimbia tena. Nikanusa kidole.

Nazi.

Songoro mlangoni, meno nje. Aliiona imefubaa, akadhani nimeiharibu, akaipaka mafuta ya nazi kama anavyopaka kitako cha bunduki na viatu vya Bwana wake. "Nimekuokoa, Fundi Polepole. Bwana angeikuta na ukurutu ule, ingekuwaje?"

Kuniokoa!

Burashi imerudisha mafuta ndani ya kopo. Kopo lote limekufa. Duka la stesheni hawana jingine. Dar es Salaam wamejibu kwa simu: mpaka meli ijayo. Nilikuwa na siku nane mkononi, sasa sina vanishi.

Sijampiga. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba sijampiga.

Jumamosi, 22 Machi
Neno moja tu kwa Bwana Miwani, na hamsa ishirini zinahamia kwa Songoro. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Sikulisema. Si huruma. Kiboko kingemfundisha kuogopa, na kuogopa anakujua tayari. Ndiko kulikomshikisha yale mafuta.

Nimempa sabuni, maji ya moto na matambara. Aoshe mara tatu, kisha asugue kwa jiwe, nyapara mzima, mpaka mimi niseme basi. Alasiri kiganja kimetoka malengelenge. Polepole imedondoka kwenye jina langu. Naitwa Fundi tu.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mlima hauonekani. Leo hadi Jumamosi siku tano. Vanishi inataka tano za jua, na jua hakuna. Unyevu ukiingia itageuka nyeupe kama mtoto wa jicho. Moto ndani hauwashiki, majivu yataruka.

Nimefungua chupa yangu. Bwana Miwani akijua, hamsa ishirini. Nisipopaka, hizo hizo. Hesabu haihitaji karatasi.

Imelala vizuri. Haikukimbia popote. Songoro anapasha mawe jikoni kwa mke wangu, anayaingiza kwa karai, anayapanga kando ya kuta, banda lipate joto bila majivu.

Alhamisi, 27 Machi
Bado inanata. Mvua. Mawe. Najaribia chini ya kiti, kidole kinaacha alama. 

Jumamosi, 29 Machi
Imekauka. Usiniulize vipi, mawe yale yamekwenda na kurudi mara mia na arobaini.

Bwana Miwani amefika saa mbili asubuhi. Pua kwenye kidirisha nyuma ya taa, kisha mlangoni, kisha kidirishani tena. Mara tatu. Mgongo wangu ulikuwa wa baridi. Halafu akanyooka. "Unaona, fundi? Vanishi ya Ulaya. Hakuna kama hii."

"Ndiyo, Bwana."

Songoro aliitazama chupa tupu rafuni, akatazama miguu yake. 

Motokaa imekwenda stesheni. Kabla ya kona ilikwisha kurukiwa na matope.

Nimefunga burashi. Songoro hakuondoka na Bwana wake. Alikaa kwenye pipa lake, anakagua viganja. "Fundi, ile kuifubaza kwanza. Kwa nini?"

Bado nina hasira naye. Nimemsogezea kipande cha ubao, nusu yake nimeisugua. Nikamwambia aguse nusu zote mbili.