Damu Haisafishwi kwa Sabuni

Mama Tluway mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Katesh, ambako upepo wa mlimani unapenya koti langu na kunikumbusha moto wa jikoni kwako. Tumeletwa na lori la shamba kupimwa damu, sisi tunaosimama na bendera kwenye ngano kuionyesha njia eropleni inayomwaga dawa ya kuua ndege aina ya kwelea, maana sumu yake hutuangukia na kudhoofisha damu. Nilijua atakayeonekana mzima atapata likizo, kwa hiyo tangu jana nimeoga mara nne na kujisugua kwa gunzi hadi ngozi ikawaka.

Daktari, mama mmoja mcheshi, akacheka. “Baba, umejiandaa kama bwana harusi! Lakini mimi sipimi ngozi.” Akachanganya tone la damu yangu na dawa yake, akasubiri, akalinganisha rangi. Damu bado ni dhaifu, ingawa kwa daftari langu ni wiki tatu tangu nishike bendera mara ya mwisho. Nitafanya kazi ya stoo ya ngano, nipimwe tena baada ya mwezi, ndipo niruhusiwe kuja Mbulu.

Nikamuuliza jambo lililoninyima raha njia nzima: “Nikifika, naweza kumbeba mtoto?”

“Mbebe hata kutwa. Sumu hii haiambukizi. Nguo za kazi tu uziache huku.”

Nilitoka nje nikafuta macho, wenzangu wakidhani ni vumbi.

Mpe Mama shikamoo yangu. Najua Tluway ameshakuwa mzito, lakini mwezi huu unibebee wewe.

Mumeo akupendaye,
Baba Tluway