Mikono ya Bondia

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Huku tunapumua, ila mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba kuchomelea mageti si kazi ya mzee. Tangu mama yako azikwe naianza barua hii na kuiacha. Pole sana. Najua chumba hicho sasa ni kikubwa kwako.

Mdogo wako niliyempata huku anakua. Tunamwita Bondia! Hana hata mwaka, lakini mikono na miguu imejaa, utadhani kavaa glavu za ngumi. Mafundi wenzangu wakija karakana wanamshika ngumi, wanacheka. Tatizo moja tu, ukimgusa analia mpaka sauti inakauka. Bibi yake anasema ni meno. Huyu ni damu yangu safi kabisa.

Masomo ya ushonaji vipi?

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi nipo. Ushonaji nilimaliza zamani, sasa nashona mapazia ya watu wenye madirisha makubwa. Nikirudi napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, nakula peke yangu. Kuna siku naongea na cherehani. Haijibu, lakini angalau haibishi.

Baba, hayo si meno. Meno gani yanaota miguuni? Mimi nilianza hivyo hivyo, na wewe ulikuwepo. Mpeleke hospitali leo wampime selimundu. Chembe za damu zinajipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, ndiyo maumivu hayo. Mtoto anarithi kwa baba na mama, wote wawili, na mtu anaweza kubeba nusu yake asiumwe maisha yake yote. Daktari alikwambia, ukasema kwenu hakuna damu mbovu, ukafunga begi, ukatuacha mimi na mama.

Sitaki tugombane. Akipata homa usisubiri kukuche, kimbia naye. Watoto wa hivi wakianza dawa mapema wanakua. Mimi si huyu hapa?

Binti yako

30 Aprili

Baba, shikamoo.

Habari za huko? Hujajibu. Kama umekasirika, kasirika, lakini mpime mtoto.

Juzi maumivu yalinishika. Nikalala na chupa ya maji ya moto mgongoni, nasikiliza jirani akicheka na wanawe. Maumivu nimeyazoea. Nililia kwa sababu sikuwa na wa kumwambia.

Niambie neno moja tu. Bondia yuko hai?

Binti yako

22 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Maji unakunywa ya kutosha? Vidonge vyako vipo?

Yuko hai. Homa ilimshika, tukamkimbiza, akaongezewa damu. Ya nani sijui, nimesema asante. Wakampima. Wakampima mama yake. Kisha na mimi. Mengine usiniulize.

Anapewa dawa ya kumkinga na maambukizi kila siku, na vidonge vya kusaidia kutengeneza damu. Akikua kidogo wataongeza ile ya kuzuia chembe zisijipinde. Karakana nzima nimeipiga marufuku kumshika ngumi.

Ila maumivu yakimshika nasimama tu pale kama geti. Mama yako alikuwa anakufanyaje? Ningemuuliza mwenyewe.

Baba

2 Juni

Baba, shikamoo.

Vidonge ninavyo. Hujawahi kuniuliza, nimeirudia mistari hiyo mpaka karatasi imelegea.

Mama alikuwa ananipa dawa ya maumivu aliyoandika daktari, na maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Kitambaa cha vuguvugu, barafu hata siku moja. Yasipopungua, hospitali. Na alikuwa ananiimbia, sauti mbaya jamani, mpaka nacheka huku naumwa.

Halafu alikuwa anakaa. Hilo ndilo kubwa kuliko dawa zote za kabatini. Yeye anakaa, na mimi naangalia mlango, nikidhani umetoka mara moja tu.

Bondia asije akauangalia mlango, baba. Kaa.

Dada yake Bondia