Nusu ya Kidonge: Kumbukumbu ya Msaidié Maoulida

Mwaka umezunguka tangu tukuzike hapa kisiwani, Hell-Ville, Msaidié, na mpaka leo mkeo, Bi Halimati, akipita mbele ya kiti chako hukigombeza.

Utamlaumu? Ulipewa jina la Msaidié, ukalitimiza kupita kiasi. Tangu ulipohama Mahajanga mwaka 1977 ukaja kutengeneza majokofu ya hoteli za Ambondrona, hakuna kitu kilichokaa mikononi mwako. Idi moja ulirudi msikitini pekupeku kwa sababu mtu alivisifu viatu vyako. Ukacheka, nasi tukashindwa kununa.

Moyo wako ulipozidiwa ukawekewa kimrija cha kutanua mshipa, daktari alitueleza kwamba chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zikishikana ndani ya mshipa huo, basi tena. Na dawa ya kuzizuia haimfai kila mtu. Lazima damu ipimwe maabara ya Mahajanga, tena ikiwa mbichi. Haisafirishwi. Husafiri mgonjwa mwenyewe. Ukaenda, ukafikia kwa binti yako Nafissa, pale Mangarivotra, ukilalamika njia nzima. Kipimo kikaonyesha kidonge chako hakifanyi kazi. Ukabadilishiwa, ukapimwa tena: safi. Bi Halimati alilia kwa furaha mlemle maabarani.

Mwaka uliofuata chembe zikawa zinashikana tena. Daktari akakukazia macho.

"Mzee, dawa unameza?"

"Kila asubuhi. Mke wangu shahidi."

Bi Halimati akaapa, maskini, maana kila asubuhi alikuona ukinywa maji. Daktari akakuna kichwa, akaagiza dawa kali zaidi. Damu iliganda kabla dawa hiyo haijafika, ukatutoka.

Matangani akaja jirani yetu Abdou, mgonjwa wa moyo kama wewe.

"Bweni Halimati, alikuwa akinikatia nusu ya kidonge chake. Mimi dawa sikuipata kisiwani."

"Nusu yako, nusu yake!" Bi Halimati alipiga kelele hadi wasoma hitima wakakatiza kisomo. "Haikumfaa yeye wala wewe! Mngesema, Nafissa aliyekuwa akimtumia dawa toka Mahajanga angeshindwa kukutafutia na wewe?"

Neno moja tu, Msaidié! Nyumba nzima ya watu, ukakosa wa kumwambia?

Alipomaliza kufoka alimpakulia Abdou wali, akakaa chini, ndipo akalia.

Abdou tulimpeleka Mahajanga apende asipende. Kapimwa, ana dawa yake, nayo inamshika vizuri. Kila asubuhi huja barazani kuimeza, na Bi Halimati husimama mbele yake, mikono kiunoni, mpaka afumbue kinywa na kuonyesha ulimi.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi na kwa hasira: mkeo Halimati, wanao Nafissa na Mroivili, dada yako Koulsoum wa Tanambao, wajukuu zako, na Abdou.

Mungu akurehemu. Kukusahau hatuwezi, hata tukitaka.