Ngoma Iliyopakwa Sumu

Dada Zainabu mpendwa,

Salamu kutoka Kampala. Kadi hii nampa msafiri, maana posta siiamini.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapima ghala la makumbusho, tunapopanga kujenga maabara ya taifa ya kuhifadhi vitu vya kale. Askari akaingia, akashika ngoma ya kifalme.

"Hii nabeba," akasema.

Nakato, mtunza ghala, akamjibu taratibu, "Afande, iko na wadudu. Tumepaka sumu."

Akajifuta mkono kwenye suruali, akatoka. Kusema kweli, sumu hatuna hata tone. Tangu hapo nikisikia buti nje, nanyanyuka kitini. Mpango tumeuandika upya: kabla ya hadubini, mlango wa chuma.

Nibusie watoto. Mama mwambie nalala vizuri.

Kaka yako,
Salim