Mtoto wa Kuazima

Gisenyi, Jumanne, Novemba 1998

Mvua imenyesha tangu asubuhi na ziwa halionekani. Nina hasira tangu saa nne, na chai haijaipunguza. Nisipoandika nitamfokea mtu wa nyumbani asiye na kosa.

Jumanne, zahanatini kwetu, ni siku ya watoto wachanga. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni huingia moja kwa moja, na hakuna anayemuuliza ameolewa na nani. Mtoto akiwa kwenye mizani, mama anaweza kuninong'oneza na shida yake mwenyewe. Siku nyingine zote, msichana asiye na mume hupita kwanza dirishani, aseme mbele ya watu wote kilichomleta, kisha aambiwe arudi na mzazi. Hiyo ni kanuni ya mkuu wetu. Imebandikwa ukutani kwa Kifaransa na kwa Kinyarwanda, kana kwamba lugha mbili zinaiongezea akili.

Leo akaingia Solange. Ana miaka kumi na tisa, anaishi Rubona na wadogo zake wawili, na kila siku huvuka kwenda Goma kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alikuwa na mtoto mgongoni. Kadi ya mtoto, alisema, ilimpotea mpakani. Nikamwandikia mpya. Miezi tisa, chanjo ya surua. Nilikwisha kuvuta dawa kwenye sindano, mkono wa mtoto nimeushika, Solange aliponikamata kiwiko.

"Mama, usimuchome. Ile juma ilipita walimuchoma. Haiko wangu, ni wa jirani."

Ndipo nikamtazama mtoto. Sikio la kushoto lina kovu la uji wa moto. Nilimchoma mwenyewe wiki iliyopita, alipoletwa na mama yake. Na kabla ya hapo, sasa nakumbuka, sikio lile lile lilikuja mgongoni kwa msichana mwingine, aliyeniambia anaumwa kichwa tu, akaondoka. Nahudumia watoto siku nzima na siwatazami.

Wanaazimana mtoto.

Wasichana wa Rubona wamegundua kwamba kwetu hupokewi mpaka uwe mama wa mtu, basi wanaazima mtoto kama watu wanavyoazima mwavuli. Nilitaka kucheka, nakiri. Kisha nikaona aibu. Kama Solange angenyamaza, mtoto angechomwa mara ya pili, angelia kidogo, na yeye angepata alichokuja kutafuta. Alijiharibia mwenyewe ili mtoto wa jirani asiumie.

Tumbo la chini linamuuma mwezi wa pili huu, na akikojoa anaungua. Kule Goma mwenye kibanda alimpa nafasi ya kuuzia, na nafasi hiyo haikuwa ya bure. Aliniambia hayo kwa sauti ndogo, macho kwenye mizani.

Mkuu alikuwa nyuma ya pazia, akasikia.

"Madamu, kanuni unaijua. Aende alete muzazi."

Wazazi wa Solange walikufa mwaka wa tisini na nne. Mkuu anajua, maana mwezi uliopita msichana huyu alifika dirishani akayasema hayo, na akajibiwa hivyo hivyo. Alete mzazi. Amtoe wapi? Akina mama kwenye benchi waliangalia miguu yao, isipokuwa mmoja aliyeguna, na sikujua anamgunia nani.

Mimi si mtakatifu. Mwaka jana, nilipoanza kazi hapa, nimerudi kutoka Karagwe nilikokulia na vyeti vyangu kwenye bahasha, nilikalia dirisha lile lile nikipaza sauti: wa uzazi wa mpango, mstari huu. Msichana mmoja alijifunika uso kwa kitenge akaenda zake. Sikumwona tena. Namfikiria kuliko ninavyopenda kukubali.

Sikutaka awepo wa pili.

Nilimkabidhi mtoto yule mama aliyeguna. Alimpokea, akamweka mapajani kama wake. Nikamwingiza Solange kwenye stoo ya unga wa uji, nikafunga mlango. Nilimsikiliza, nikampima, nikampa dawa na kumweleza kwa nini asizikatishe hata maumivu yakiisha. Nikampa na kondomu. Nikamwambia aibu ya kile kibanda si yake. Alilia kidogo, akapangusa uso kwa mbeleko.

Likabaki daftari. Kuna safu moja imeandikwa "Jina la mume au mzazi", na nisipoijaza, dawa zile ni kama nimeziiba. Nikaijaza. Niliandika jina langu, lote, mpaka la baba yangu.

Saa tisa mkuu amelisoma. Amesema kesho saa mbili nifike ofisini kwake, na kwamba kuna kituo huko milimani Kanama kinachohitaji mtu. Nimeelewa: nikishikilia, nitahamishwa. Naogopa. Watoto wangu wanasoma hapa mjini na mume wangu ana cherehani yake sokoni. Lakini nikiufuta mstari ule leo, Jumanne ijayo nitamtazamaje yule mtoto mwenye kovu, akija mgongoni kwa mwingine?

Wakati anaondoka, Solange aliniuliza kama siku ya kurudi kuangaliwa amlete tena mtoto. Nimemwambia aje mgongo mtupu, apite mlango wa mbele, na aje na wenzake.

Kesho mkuu ataniuliza huyu msichana ni nani wangu. Nitamwambia afungue daftari asome tena. Nimeandika kwa wino.