Mrija wa Puani

4 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia na Mama hajambo. Mimi mzima, nalala vizuri, nakula hata nisichokipenda. Najua ungependelea barua kuliko simu, maana kwenye simu unauliza hali yangu mara tatu kisha unakata.

Nimepata kazi mpya ya miezi miwili. Kampuni ya ramani inataka kupiga picha barafu ya milimani, ijulikane imepungua kiasi gani. Nitarusha ndege ndogo ya injini moja, na nyuma yangu atakaa mpiga picha. Tunamwita Kasuku kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Kamera yake imefungwa kwenye tundu la sakafuni, naye huinama kuchungulia kwenye kioo chake.

Sasa shida yangu. Ndege hii haitunzi hewa ndani kama zile kubwa za abiria. Tutaruka futi elfu kumi na sita, kumi na saba, na huko mtu asipopewa oksijeni akili inalegea. Bosi amenipa orodha ya vifaa akasema, "Wewe ndiye rubani, chagua." Mitungi naiona sawa yote. Ila kuna barakoa ya kufunika pua na mdomo, na kuna mrija mwembamba wa kuingiza puani tu. Kasuku anataka mrija, eti barakoa itamzuia kuweka jicho kwenye kioo.

Wewe umeshika mitungi ya hospitali miaka thelathini na moja. Ungekuwa mimi ungechukua nini?

Mwanao,
Rubani wako

15 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, goti linalalamika lakini halina mpango wa kuhama. Mama yako hajambo na anasema usiruke juu sana. Nimemweleza kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, akanitazama kama ni mimi niliyekupandisha.

Nimeisoma barua yako mara nne. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniuliza kitu cha kazi. Watu huniuliza kama nimekula. Kwa hiyo vumilia, nitaandika sana.

Kwanza, mafuta. Oksijeni na mafuta havikai chumba kimoja, vikikutana ni moto. Usipake losheni mikononi wala kitu cha midomo ukaja kushika koki, na asije fundi wenu na vidole vya grisi akasema anakaza kidogo. Pili, amini geji, usiamini kumbukumbu. Usiseme "jana ulikuwa umejaa." Itazame kila asubuhi. Tatu, nunueni vile vidude vya kubana kidoleni vinavyosoma oksijeni ya damu, kila mtu chake. Kikisoma chini ya tisini, shukeni. Msibishane nacho.

Kuhusu swali lako. Barakoa wodini tuliwapa waliozidiwa. Inabana, ina joto, mgonjwa huivua ukigeuka. Mrija ni rafiki wa mtu: anaongea, anakunywa chai, na mtungi unadumu zaidi. Kwa mtu mzima asiye mgonjwa mrija unatosha kabisa. Ila mimi naijua oksijeni ya chini, ya kitandani. Ya angani soma karatasi ya kifaa, na waliokitengeneza wasipokubaliana na mimi, wafuate wao.

Niandikie umechagua nini. Nitafurahi kujua.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu kwa Mama. Mwambie mpaka sasa mbingu hatujagonga.

Vifaa vimefika. Nilichukua barakoa mbili na mirija miwili. Mimi navaa barakoa kwa sababu ina kipaza sauti ndani. Kasuku aliijaribu dakika tano, akasema pumzi inatia ukungu kioo chake na anajisikia kama tembo aliyefungwa mkonga. Nikamsomea barua yako. Aliposikia "mrija ni rafiki wa mtu" akapiga makofi. "Huyo mzee wako ana akili, wewe umefanana na nani?" Basi nikamwachia mrija. Barakoa yake iko stoo, kwenye boksi lake.

Karatasi ya mrija inasema mwisho futi elfu kumi na nane. Sisi hatufiki huko. Kila robo saa namuuliza kwenye kisikizio, "Kidole chako kinasemaje?" naye ananitajia namba. Katikati ya hapo ananisimulia habari za mkewe. Ni fundi cherehani, na inaonekana hakuna siku Kasuku amewahi kumshinda kwa maneno. Kazi imebaki theluthi moja, nayo inangoja siku isiyo na mawingu.

Ahsante, Baba. Umenisaidia kuliko orodha nzima.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Naandika kwa haraka niwahi gari la posta.

Leo nikinyoa ndevu nimekumbuka kitu nilichosahau kukuambia, na kimenikera kweli. Mrija hautumiki kwa mtu aliyezibwa pua. Akiwa na mafua anavuta kwa mdomo, oksijeni inapotea bure, naye hajui. Wodini lilikuwa jambo la kila siku. Nesi akisikia mgonjwa anasemea puani anabadilisha kifaa bila kuuliza daktari. Mmoja wenu akishikwa na mafua, avae barakoa au asiruke. Mwambie Kasuku hata kama atalalamika kuhusu mkonga.

Nijibu upesi nijue umeipata.

Baba yako

9 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sijui kama barua yangu iliyopita ilifika. Nimekupigia simu, haipatikani. Nimepiga ofisini kwenu, karani akasema, "Yupo, ni mzima, ila haruki." Nikamuuliza kwa nini haruki, akasema niongee na wewe.

Mama yako anatoka nje kila pikipiki ya posta ikipita, kisha anarudi anajifanya alikwenda kuanua nguo. Kama tumekukosea kitu, tuambie. Kama ni mtu amekukosea, tuambie pia. Mstari mmoja unatosha.

Baba yako na Mama

21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mwilini mimi mzima.

Kasuku amefariki.

Tarehe kumi na mbili Machi mawingu yalifunguka asubuhi, siku ya kwanza baada ya wiki nzima. Kasuku alikuwa na mafua, siku ya tatu. Nilimwambia tuache. Akasema, "Pua hufunguka yenyewe huko juu, twende kabla hakujafunga tena." Na mimi nilitaka kwenda, Baba. Sitaki ufikiri alinilazimisha.

Tulipofika, wingu lenye mianya ya kuonea barafu lilikuwa limeinuka hadi kwenye vilele. Nikapanda juu yake. Futi elfu ishirini. Karatasi ya mrija nilikuwa naikumbuka. Nikajiambia ni dakika chache, mistari mitatu ya picha, tunashuka.

Alikuwa na furaha kuliko siku zote. Alimwimbia mkewe wimbo aliotunga hapo hapo, hauna kichwa wala miguu. Nikamuuliza, "Kidole chako kinasemaje?" Akasema, "Kinasema mimi bado kijana!" Akacheka sana. Nami nikacheka. Sikumuuliza tena namba.

Kisha akanyamaza. Nikafikiri leo angalau anafanya kazi. Kamera ile hupiga yenyewe kila baada ya sekunde nane, nami nilikuwa naisikia inapiga. Kwa dakika ishirini na mbili niliisikia inapiga. Nilipotaka kugeuza ndege kwa mstari wa tatu nikamwita, hakujibu. Nikageuza shingo. Alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, midomo ya kijivu, mrija uko puani kama ulivyowekwa.

Nilishuka kwa kasi ambayo ndege ile hairuhusiwi. Nilipofika pa kupumulika nilivua barakoa yangu nikamwekea kwa mkono mmoja. Alikuwa anapumua. Alipumua siku kumi na moja, hakufumbua macho.

Barua yako ya mafua niliipokea tarehe ishirini na mbili. Niliisomea kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba chake. Kesho yake akafa.

Mkaguzi wa ajali ameniuliza nani alinishauri kuhusu vifaa. Nimesema hakuna, nilichagua mwenyewe. Barua zako nimezificha. Tafadhali, wewe usiseme kitu kwa mtu.

Mwanao

3 Mei

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Nimeandika neno hili kwenye karatasi tatu nikazichana zote, na bado sina jingine.

Mama yako nimemsomea. Amelia, kisha ameniuliza huyo mama fundi cherehani ana ndugu wa kukaa naye. Unamjua? Umekwenda kumwona?

Zitoe hizo barua. Zitoe zote, mpe mkaguzi mkononi. Usinikinge. Habari ya mafua niliijua, mwanangu. Si jambo la kitabuni ambalo mtu husahau. Nililifanya kwa mikono yangu miaka thelathini na moja. Ulipoandika kuniuliza nilifurahi mno. Nilikaa mezani nikatafuta maneno mazuri, chai na urafiki na sijui nini, ili usome useme baba yangu bado anajua kazi. Nikaliacha lile moja lililokuwa na maana. Nilipolikumbuka mtu wako alikuwa na siku mbili kitandani.

Sikwambii kwamba huna kosa. Ulipanda juu ya kiwango cha karatasi, unajua hivyo, na ningekwambia uongo usingeniamini tena. Ila usibebe na la kwangu. Hilo niachie.

Baba yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nilimpelekea mkaguzi barua zako. Alizisoma zote mbele yangu, polepole, akanyoosha kidole pale ulipoandika wafuate wao. Akasema kampuni haikuwa na hata mstari mmoja wa maagizo kuhusu oksijeni, na hilo ataliandika. Ataandika pia kwamba rubani alijua mwisho wa mrija na akaupita, na kwamba aliruka na mtu mgonjwa. Leseni yangu imechukuliwa. Nilisaini bila kubisha.

Kisha nikaenda kwa mke wa Kasuku. Ana chumba kimoja cha kushonea, cherehani iko dirishani, na dada yake anakaa naye, mwambie Mama. Alikuwa anapinda gauni la mteja. Hakusimama. Akasema, "Kaa hapo, shika huu upindo usiburuzike," nikashika. Tukakaa hivyo, yeye anashona, mimi nimeshika kitambaa, mpaka akafika mwisho na kukata uzi.

Ndipo akauliza, "Aliogopa?"

Nikasema, "Hapana, dada. Alikuwa anakuimbia. Alikuwa anacheka."

"Na wewe?"

"Na mimi nilicheka."

Nikamweleza yote. Mafua, boksi la stoo, futi elfu ishirini, kamera. Sikuruka kitu. Alisikiliza akikunja lile gauni, akalikunjua, akalikunja tena. Mwisho akasema, "Watu wa ofisini kwenu waliniambia ni moyo wake. Nilikaa wiki saba naulaumu moyo wake." Akafungua mlango. "Ahsante kwa kusema kweli. Sasa nenda. Sikuchukii, lakini usirudi tena."

Nikaenda. Nilitembea hadi kituo cha mabasi nikakaa pale, mabasi manne yakapita.

Baba, najua ukiipata hii utachukua kalamu. Usiandike. Sitaki kusubiri siku nane za posta nione umesemaje. Njoo. Goti likikusumbua omba siti ya mbele. Mama akitaka, njooni wote wawili. Chumba changu kina kitanda kimoja, mimi nitalala chini.

Mwanao